Nyumba juu ya mbuga: uzoefu wa kujenga kwenye mfinyanzi unaovimba Dodoma

Mwezi wa Oktoba mbuga ya Dodoma, yaani mfinyanzi wa mabondeni unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, huwadanganya wengi. Sululu inadunda, vibarua wanachoka kabla ya saa nne asubuhi, na fundi anamgeukia mwenye kiwanja: "Bosi, hapa pagumu, hata ghorofa linakaa." Hasemi uongo. Udongo ule ukikauka hubeba mzigo mkubwa kuliko nyumba yoyote ya chini. Rudi hapohapo Januari, baada ya mvua za wiki tatu, utakuta gari limezama mpaka kwenye ekseli na gumboti zinabaki matopeni. Kumbe ule ugumu ulikuwa ukavu tu. Anayepima ardhi kwa ugumu wa sululu anauliza swali lisilo lake. La kuuliza ni hili: maji yakiingia na kutoka, udongo huu utaongezeka na kupungua kiasi gani, na je, utafanya hivyo kwa kiasi kilekile chini ya nyumba nzima?

Sehemu ya mwisho ya swali hilo ndiyo inayobomoa nyumba. Msingi ukiinuliwa sentimita 3 kote kwa wakati mmoja, hakuna atakayejua. Kona moja ikiinuka sentimita 3 huku nyingine imetulia, milango haifungi, vigae vinaruka na ukuta unafunguka kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye linta. Kwa hiyo kila tunaloshauri hapa, liwe la nondo, la gata au la mti wa mwarobaini, lina lengo moja: unyevu chini ya nyumba usitofautiane kutoka upande hadi upande, na ukitofautiana, msingi uweze kuhimili.

Mpangilio wa ardhi ya Dodoma unasaidia sana ukiusoma vizuri. Vilima vyetu ni vya mawe ya itale. Miteremko yake ina udongo mwekundu na kichanga, na chini kabisa, maji yanakotuama, kuna mbuga nyeusi au ya kijivu. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Tanga, alieleza mfululizo huu wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni miaka ya 1930, na maelezo yake yanatumika duniani kote mpaka leo. Maji hubeba chembe ndogo na madini kama kalisi na magnesi kutoka juu, yanajikusanya bondeni pasipo na pa kutokea, na hapo hujengeka mfinyanzi wa jamii ya smektaiti. Chembe zake ni tabaka nyembamba sana zinazopokea maji katikati yake. Yakiingia zinaachana, yakitoka zinabanana. Udongo mwekundu wa miteremkoni una mfinyanzi wa aina nyingine, usio na tabia hiyo kwa kiwango cha kutisha.

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, na hasa baada ya Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, mahitaji ya viwanja yamekuwa makubwa, na vingine vinaangukia mabondeni ambako wenyeji walilima mtama na hawakujenga. Hati ya kiwanja haisemi udongo ni wa aina gani. Hilo ni la mnunuzi kulitafuta mwenyewe.

Uchunguzi wa kwanza hauhitaji fedha. Nenda kiwanjani mwishoni mwa kiangazi, Septemba au Oktoba. Ukiona ardhi imepasuka vipande vya pembe nyingi, na nyufa zinazomeza rula ya shule au fimbo mpaka mkono ufike chini, hiyo ni mbuga hai. Angalia mimea: migunga mifupi yenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi wanaishi hupenda udongo huu. Tazama nguzo za umeme na uzio kama zimeegemea upande. Kisha tazama kuta za uzio za majirani, maana ukuta wa uzio ni mwepesi, msingi wake ni mfupi, na ndio wa kwanza kuonyesha. Uzio wenye ufa kila baada ya mita 4 au 5 ni taarifa ya kutosha.

Halafu chimba. Mashimo 2 au 3, yakiwa pale nyumba itakapokaa, kina cha mita 2 au zaidi. Shimo moja pembeni mwa kiwanja halitoshi, kwa sababu kwenye mpaka wa mteremko na bonde udongo hubadilika ndani ya mita 10. Nyumba iliyokaa nusu kwenye udongo mwekundu na nusu kwenye mbuga iko katika hali mbaya kuliko iliyokaa yote kwenye mbuga. Chukua bonge kutoka kina cha mita 1, livunje kwa mikono. Mbuga inayovimba huvunjika kwa nyuso zilizolala mshazari, laini, zinazong'aa kana kwamba zimepakwa mafuta. Nyuso hizo zimesuguliwa na udongo wenyewe ukijisukuma kila msimu. Mara nyingi utakuta pia vijiwe vyeupe vya chokaa vya ukubwa wa punje ya hindi hadi karanga. Rangi peke yake isikuamulie: mfinyanzi wa kijivu au wa kahawia nao huvimba, na mweusi wenye mchanga mwingi unaweza kuwa mpole.

Kuna vipimo viwili unavyoweza kufanya nyumbani kabla ya kwenda maabara. Cha kwanza, kausha udongo, utwange, uchekeche kwa chujio laini la chai, kisha mimina sentimita za ujazo 10 kwenye silinda yenye alama ya mililita 100 iliyojaa maji. Subiri saa 24. Ukisoma chini ya 15, hatari ni ndogo. Ukifika 20 au zaidi, yaani udongo umeongezeka mara mbili ya ulivyokuwa, usijenge msingi wa kawaida. Cha pili, pasua bomba la plastiki la inchi 1 kwa urefu, kata kipande cha milimita 140, paka mafuta ndani, jaza uji mzito wa udongo na usawazishe. Kausha kivulini siku ya kwanza, kisha juani mpaka ukauke kabisa. Ukipungua milimita 7 hiyo ni asilimia 5, bado si tatizo kubwa. Ukipita milimita 11, sawa na asilimia 8, chukua tahadhari zote. Vipimo hivi ni vya kukuamsha tu. Maabara ya udongo itakupa kiwango cha unyumbufu, msukumo wa kuvimba na tabaka kwa kina, na mhandisi hawezi kupanga nondo bila namba hizo. Gharama ya kupima ni ndogo mno ukiilinganisha na kubomoa kona moja ya nyumba.

Kwa nini nyumba ya chini ndiyo inayoumia kuliko ghorofa? Piga hesabu. Ukuta wa tofali za sentimita 15, kimo mita 3, ukiweka lipu, paa la bati, tofali za msingi na zege lake, unafika tani 2 na kidogo kwa kila mita ya urefu. Ukikaa juu ya zege la upana wa sentimita 60, udongo unabeba kama tani 3.5 kwa mita ya mraba. Mbuga ikizuiwa isivimbe husukuma kwa tani 10 hadi 30 kwa mita ya mraba, wakati mwingine zaidi. Nyumba haina uzito wa kuukalia udongo huo. Jamvi la sakafu ni jepesi zaidi, ndiyo maana mara nyingi sakafu hutuna katikati kabla ukuta haujaonyesha chochote.

Hali ya hewa yetu inaongeza makali. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi 7 ya jua na upepo. Udongo wa nje ya nyumba unapita kwenye mzunguko mzima wa kulowa na kukauka, pengine mpaka kina cha mita 2 au 3. Udongo wa chini ya sakafu umefunikwa, haukauki upesi. Mvua za kwanza hulowesha kingo, nazo huinuka, na katikati panabaki chini. Miaka ikipita, unyevu hujikusanya katikati na haupati pa kutokea. Kiangazi kingo zinakauka na kushuka, katikati panabaki juu. Ukiielewa picha hii utaweza kusoma ufa: uliopanuka juu na kuwa mwembamba chini unaonyesha kwamba pembe zimeshuka au katikati pamepanda. Uliopanuka chini unaonyesha kinyume chake.

Watu wengi hapa huyasingizia matetemeko. Ni kweli Dodoma iko karibu na Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara. Lakini ufa wa tetemeko hutokea kwa dakika moja na mara nyingi hukata ukuta kwa alama ya msalaba ulioinama. Ufa unaofunguka Oktoba na kujibana Februari, mwaka hata mwaka, unaendeshwa na maji.

Sasa msingi. Msingi wa kawaida wa mtaro, sentimita 60 kwa 80 kwenda chini na tofali juu yake, haufai kwenye mbuga hai, hata ukiujaza mawe. Njia zipo tatu, na uchaguzi unategemea mbuga ina kina gani.

Ikiwa mbuga ni ya juujuu, tuseme mita 1 au 1.2, na chini yake kuna udongo mgumu wa changarawe, iondoe yote. Chimba eneo lote la nyumba na mita 1 zaidi kila upande. Kwa nyumba ya mita 10 kwa 12 hilo ni shimo la mita 12 kwa 14, sawa na mita za mraba 168, na kwa kina cha mita 1.2 utatoa mita za ujazo zinazozidi 200 kidogo. Moramu ya kurudishia hupungua ikishindiliwa, kwa hiyo agiza kama theluthi zaidi, mita za ujazo 265 hadi 270, safari 27 za tipa ya mita 10. Mwaga tabaka la sentimita 20, nyunyiza maji mpaka ukilifinya kiganjani lishikane bila kutoa maji, shindilia kwa mashine mpaka lifike sentimita 15, kisha tabaka jingine. Tabaka la nusu mita linaloshindiliwa mara moja huwa gumu juu na tupu chini.

Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mahali: kurudishia kwa mchanga au kokoto. Mchanga unapitisha maji, mbuga iliyouzunguka haipitishi. Shimo linakuwa beseni chini ya nyumba, mvua inalijaza, na mfinyanzi wa kuta na wa chini unakunywa polepole mwaka mzima. Tumia moramu yenye mfinyanzi mpole kiasi, inayoshikana na kuzuia maji.

Ikiwa mbuga inakwenda mita 2 na kuendelea, kuiondoa yote ni kupoteza fedha. Njia ya pili ni kumwaga jamvi moja lenye bimu ndani yake, ili nyumba nzima isogee kama kipande kimoja. Mfano wa kawaida ni jamvi la sentimita 15, na bimu za upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 60 kuzunguka kingo zote na kukatiza katikati kila mita 3 hadi 4. Bimu za katikati ziende moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ikikatika katikati kwa sababu ya korido, hapo ndipo jamvi litakapovunjikia. Nondo ziwe juu na chini kwa idadi sawa, kwa mfano 3 za milimita 16 chini na 3 juu, na ringi za milimita 8 kila sentimita 20. Mafundi wengi huweka nondo nzito chini tu kwa kuwa ndivyo linta inavyofanya kazi. Kwenye mbuga bimu hupindishwa pande zote mbili, msimu huu kingo ziko juu, msimu ujao katikati ndiko juu, na zege lisilo na chuma upande unaovutwa hupasuka mara moja. Vipimo vya mwisho atavitoa mhandisi baada ya kuona majibu ya maabara. Namba hizi ni za kukuwezesha kutambua mchoro uliopunguzwa.

Kwa nyumba ileile ya mita 10 kwa 12, jamvi linachukua mita za ujazo 18. Bimu za pembeni zina mita 44. Ukiweka 2 kila upande katikati zinaongezeka mita 44 nyingine, na sehemu iliyo chini ya jamvi inachukua kama mita za ujazo 12. Jumla ni 30. Kwa mchanganyiko wa 1:1½:3 hesabu mifuko 8 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, yaani 240. Anayekuambia ataimaliza kwa mifuko 120 anakuuzia zege la karibu 1:3:6, na hilo halifai kubeba nondo. Maji yasizidi lita 25 hadi 28 kwa mfuko, pamoja na unyevu ulio kwenye mchanga. Chini ya jamvi tandika nailoni nzito, ikilaliana angalau sentimita 30 kwenye maungio. Vibao vya zege vya sentimita 5 viinue nondo zisiguse udongo. Jua letu ni kali, kwa hiyo zege lifunikwe na kumwagiliwa siku 7 zisizokatika.

Njia ya tatu ni nguzo zinazoshuka mpaka udongo usiobadilika. India ina maeneo mapana ya udongo wa namna hii, na wahandisi wa Roorkee walieneza nguzo fupi yenye kitako kilichopanuliwa chini mara 2.5 ya kipenyo cha shina. Hukekewa kwa mkono mpaka mita 3 au 3.5. Kitako kinashika chini, na udongo wa juu unapovimba na kuvuta shina kwenda juu, nguzo haing'oki. Kwa sababu ya mvuto huo nondo lazima zishuke urefu wote mpaka kwenye kitako, angalau 4 za milimita 12. Asiingie mtu kwenye shimo jembamba la mita 3 kuchimba kwa koleo, mbuga hubomoka bila kutoa dalili. Juu ya nguzo kunapita bimu inayobeba ukuta, na chini ya bimu hiyo paachwe nafasi tupu ya sentimita 10 hadi 15 ili udongo upande bila kuigusa. Nafasi hii ndiyo huharibiwa zaidi na mafundi wenye nia njema. Wakiiona tupu wanaijaza mawe au kifusi "ili bimu ikae vizuri", na kazi yote ya nguzo inapotea siku hiyo. Kwa njia hii sakafu nayo ininginie juu ya bimu, au ikubalike tangu mwanzo kwamba sakafu itasogea, na itenganishwe na kuta.

Chokaa nayo inafaa, hasa chini ya sakafu na barabara ya kuingilia. Kiwango cha kawaida ni asilimia 4 hadi 8 ya uzito wa udongo mkavu. Mita 1 ya ujazo ina kama tani 1.5, kwa hiyo asilimia 5 ni kilo 75, mifuko 3 ya kilo 25. Ugumu uko kwenye kuchanganya. Mabonge yavunjwe yawe madogo kuliko sentimita 2.5, chokaa iliyozimwa ichanganywe na maji, iachwe siku 1 au 2, ichanganywe tena, kisha ishindiliwe. Kuimwaga juu na kuifunika hakusaidii kitu. Ukiona fuwele za jasi zinazometameta kwenye udongo, kama zinavyopatikana upande wa Itigi, usitie chokaa kabla ya maabara kupima salfeti, kwa kuwa chokaa na salfeti iliyomo kwenye jasi vikikutana na maji hujenga madini mapya yanayovimba kuliko mfinyanzi wenyewe. Vaa glovu na miwani, chokaa hupofusha.

Wakati wa kuchimba nao una uzito. Mtaro uliofunguliwa Oktoba na kuachwa juani wiki 3 hukauka mpaka ndani, na udongo uliokauka kabisa ndio wenye nafasi kubwa ya kuvimba ukishafunikwa. Kuchimba katikati ya masika kuna tatizo la upande wa pili, udongo utasinyaa baadaye. Mei na Juni, mvua zikishakata na ardhi bado ina unyevu, ndiyo miezi tunayoipenda. Chimba sehemu utakayoweza kuimaliza, mwaga zege jembamba la sentimita 5 siku hiyohiyo, na uendelee.

Kuta zifungwe kwa mkanda wa zege usawa wa sakafu, wa linta na wa juu chini ya kenchi, kila mmoja na nondo 4 za milimita 12. Ukuta mrefu upewe nafasi ya kupumua kila mita 5 au 6. Kibaraza, gereji na uzio visifungwe na nyumba. Acha nafasi ya milimita 20 iliyojazwa sponji, kwa kuwa vitu vyepesi na vizito havisogei pamoja. Bomba linapopita kwenye msingi lipite ndani ya bomba kubwa zaidi lenye nafasi ya sentimita 5 kuzunguka, na maungio yawe ya mpira. Bomba lililochomekwa kwenye zege kwa saruji hukatika msingi unaposogea, nalo linaanza kumwagia mbuga maji usiku na mchana. Ukiona kona moja tu ya nyumba imeinuka, tena upande wa bafu au jiko, anza kwa kushuku bomba.

Msingi mzuri bila mpangilio wa maji utashindwa, na nyumba nyingi zenye msingi wa wastani zimetulia kwa sababu tu maji yalipangwa. Bati la mita za mraba 150 likipigwa na mvua moja ya milimita 50 hutoa lita 7,500. Bila gata, maji hayo yote huanguka kwenye ukanda wa nusu mita pembeni mwa ukuta. Weka gata, yapeleke maji angalau mita 3 kutoka nyumbani. Tanki lisikae likigusa ukuta: la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na likifurika hulowesha palepale. Zungushia nyumba sakafu ya zege ya upana wa mita 1.2 hadi 1.5, yenye nailoni chini, ikishuka sentimita 5 kwa kila mita, na mwanya kati yake na ukuta uzibwe kwa lami. Ardhi iliyo nje yake nayo iendelee kushuka mpaka kwenye mfereji.

Shimo la kunyonya maji taka kwenye mbuga ni shida mara mbili. Halinyonyi, linajaa na kurudisha, na kidogo kinachopenya kinavimbisha upande mmoja. Tumia tanki lisilovuja linalonyonywa na gari, likiwa upande wa chini wa mteremko na mbali na msingi. Palipo na mtandao wa majitaka, unganisha huko.

Miti inahitaji uamuzi mapema. Mwarobaini tunaupenda Dodoma kwa kivuli chake, lakini kiangazi hunyonya maji kutoka mbali. Mti upandwe mbali na ukuta kwa umbali usiopungua kimo utakachofikia, na mikaratusi zaidi ya hapo. Mti mkubwa ukiukuta kiwanjani, usiukate leo na kujenga kesho. Udongo ulioukausha kwa miaka utarudi kunywa maji na kupanda. Ukate, kisha uache masika angalau moja yapite, na kwenye mfinyanzi mzito zaidi ya moja. Bustani ya maua inayomwagiliwa upande wa mbele tu huinua upande wa mbele tu.

Kwa nyumba iliyokwisha kupasuka, lipu na rangi ndiyo hatua ya mwisho, ingawa ndiyo ya kwanza kufanywa na wengi. Piga mistari ya penseli pande zote mbili za ufa, andika tarehe na upana kwa milimita, pima kila mwezi kiangazi na masika. Chini ya milimita 5 mara nyingi ni suala la sura. Kati ya 5 na 15 milango na mabomba huanza kusumbuka. Ukizidi 15, ita mhandisi bila kusubiri. Wakati unapima, shughulikia maji: funga mabomba yote na utazame mita kama inazunguka, rekebisha gata, jenga sakafu ya pembeni, hamisha bustani. Nyufa nyingi hutulia baada ya mwaka mmoja wa hatua hizo peke yake.

Kuwa mwangalifu na anayetaka kuchimba chini ya kona iliyoshuka na kuijaza zege. Kona ile itakaa imara, nyumba iliyobaki itaendelea kupanda na kushuka na misimu, na ufa mpya utatokea pale sehemu mbili zinapokutana. Kazi hiyo ifanywe kwa mchoro wa mhandisi, ikizingatia nyumba nzima. Ufa uliotulia kweli unashonwa hivi: kata mfereji wa kina cha sentimita 3 hadi 4 ukikatiza ufa, kila kozi ya pili au ya tatu. Safisha vumbi, lowesha, laza nondo ya milimita 6 au 8 yenye urefu wa mita 1, nusu kila upande, ujaze mchanganyiko wa saruji na mchanga wa 1:3. Mwagilia siku 7, kisha ndipo upige lipu. Fanya kazi hii baada ya vipimo vya misimu yote miwili kuonyesha ufa hausogei tena. Nondo ikishonwa kwenye ufa ambao bado unatembea, ukuta utapasuka sentimita 50 pembeni, mahali nondo inapoishia.